Bao Moja, Kanuni Nyingi

Na mwanafunzi wa Kidato cha IV

Katika shule yetu ya bweni tumekusanyika vijana wa pande nyingi. Wako waliozaliwa hapa Bagamoyo, wako wa Saadani na Kunduchi, na wengine wametoka bara, mbali na bahari. Kila mmoja amekuja na bao la kwao. Basi jioni ya Jumamosi husikika ugomvi bwenini: huyu asema ameibiwa, na yule asema amekula kwa haki. Mara nyingi hakuna mwizi, ila wawili wale wanafuata kanuni mbali mbali juu ya ubao mmoja. Ndiyo sababu nimeona yafaa kueleza jambo hili.

Ubao tunaoutumia una mashimo 32, yaani safu 4 za mashimo 8, na kete 64. Kete zetu ni komwe, mbegu ngumu za rangi ya kijivu zitokazo katika mmea wenye miiba uotao pwani. Kila mchezaji ana safu mbili na kete 32. Hushindwa yule ambaye safu yake ya mbele imebaki tupu, au aliyekosa mwendo.

Hapo ndipo njia zinapoachana. Katika bao la kujifunza, kila shimo hutiwa kete 2, na mchezo huanza mara moja. Katika bao la Kiswahili, kila mchezaji huweka kete 6 katika shimo liitwalo nyumba, na kete 2 katika kila moja ya mashimo mawili yaliyo kuume kwake. Kete 22 hubaki mkononi. Kwanza hucheza namua, ambapo kila zamu mchezaji hutia kete moja katika safu ya mbele. Kete za mkononi zikiisha, ndipo huingia mtaji, nao hucheza kwa zile zilizomo mashimoni tu.

Nyumba nayo ina sheria zake. Wakati wa namua, mwendo wa kula ukiishia katika nyumba pasipo kula tena, mwenyewe aweza kulala hapo, au aweza kuzichukua kete zote na kusafiri nazo. Aliyezoea bao la kujifunza akiona mwenzake amelala, hudhani amekatiza mwendo kwa hila.

Tukivuka mpaka twaona tofauti kubwa zaidi. Waganda wana mchezo uitwao omweso, wenye mashimo 32 na kete 64 kama sisi. Lakini wao hula mashimo mawili ya mwenzao, la mbele na la nyuma, na sisi twala ya mbele tu. Hakuna awezaye kusema kwamba Waganda wamekosea. Huo ndio mchezo wao.

Wacheza sataranji waliunda chama cha dunia mjini Paris mwaka 1924, na leo kijana wa Bagamoyo aweza kucheza na mtu wa Moscow pasipo kuuliza neno. Hiyo ni faida. Lakini bao la barazani lina faida yake pia: wachezaji wenyewe waweza kulilegeza au kulikaza kwa kadiri ya mtu aliye mbele yao. Mzee akimfundisha mjukuu humruhusu kurudisha mwendo mbaya, na watazamaji humshauri. Wakikutana mafundi wawili, hakuna kurudisha, na watazamaji hufunga midomo. Namna zote mbili ni bao. Ubaya ni pale mmoja anapocheza kama babu, na mwingine kama fundi, na hawakuambiana.

Kwa hiyo nashauri kwamba kabla ya kete ya kwanza tuulizane mambo matatu. La kwanza, ni bao lipi, la kujifunza au la Kiswahili? La pili, je, mwendo waweza kurudishwa? La tatu, watazamaji waruhusiwa kusema? Mkiisha kupatana, kanuni isibadilishwe hata bao liishe, ingawa mmoja ameona kwamba inamwumiza.

Jambo hili si dogo kama lionekanavyo. Wadogo zetu wa Kidato cha I wakisikia makelele huogopa kuketi, nao wasipoketi hawatajifunza. Wahenga walisema, asiyekubali kushindwa si mshindani. Ni kweli, lakini ni vigumu mtu kukubali kushindwa kwa kanuni ambayo hakuambiwa. Basi ndugu zangu, tuambiane kwanza, kisha tucheze.