Pointi 28 za Chuo Zina Thamani Gani?

Msimu wa 2005–06 Adam Morrison wa Chuo Kikuu cha Gonzaga aliongoza vyuo vyote vya Marekani kwa kufunga, wastani wa pointi 28.1 kwa mchezo. Miaka mitatu baadaye nafasi hiyo ilishikwa na Stephen Curry wa Davidson, chuo kidogo cha North Carolina, kwa pointi 28.6. Mwaka 2011 ikawa zamu ya Jimmer Fredette wa Brigham Young: 28.9. Ukifichwa majina ukaachiwa namba tu, utaapa kwamba ni mtu mmoja. Morrison alichaguliwa wa 3 katika drafti ya NBA, yaani ule uteuzi wa kila mwaka ambapo timu hupokezana zamu za kuchukua chipukizi, akacheza misimu mitatu tu. Fredette alichaguliwa wa 10, akahama timu hii na ile, na jina lake likaja kung'ara katika timu ya Shanghai, aliyoifungia pointi 73 katika mchezo mmoja mwaka 2017. Curry alichaguliwa wa 7, na yaliyofuata hata asiyefuatilia kikapu ameyasikia.

Kwa hiyo mtu akitaka kujua kama kijana wa chuo atafika mbali kwenye ligi ya kulipwa, wastani wa pointi ndiyo namba ya mwisho kuitazama. Cha kuchunguza ni kile kilichompa pointi hizo, na kama bado atakuwa nacho siku atakapokutana na watu warefu kama yeye, wepesi kama yeye, waliokesha wakitazama video zake.

Tuwatazame hao watatu kwa jicho hilo. Morrison aliishi kwa mitupo migumu ya masafa ya kati, mkono wa mlinzi ukiwa usoni, na miguu yake mizito ilimuumbua kila alipotakiwa kumlinda mtu mwenye mbio. (Aliumia goti vibaya mwaka 2007, na si haki kulisahau hilo.) Fredette alitupa kutoka mbali kiasi cha kushangaza, lakini alihitaji kukaa na mpira muda mrefu, na timu ya chuo ilikuwa tayari kumwachia. NBA hakuna timu inayomwachia mpira mgeni ambaye hawezi kulinda. Curry alikuwa mwembamba kuliko wote wawili, ila mpira ulimtoka mkononi upesi mno, hata mlinzi mrefu alipofika alikuwa amechelewa kuuzuia. Tena msimu wake wa tatu, pointi gadi Jason Richards alipokuwa amemaliza chuo, Curry alipewa kazi ya kuongoza mashambulizi, akatoa asisti 5.6 kwa mchezo na kupora mipira zaidi ya miwili. Uporaji ni takwimu ambayo shabiki huiruka, na wachambuzi wa namba huipa uzito mkubwa, kwa sababu anayenusa pasi kabla haijatoka ananusa popote pale. Kuhusu hoja kwamba alicheza na timu dhaifu, jibu lilikuwapo tangu Machi 2008, kwenye mashindano ya taifa: pointi 40 dhidi ya Gonzaga, 30 dhidi ya Georgetown, 33 dhidi ya Wisconsin, na Davidson ikatolewa kwa tofauti ya pointi mbili na Kansas, waliokuja kuwa mabingwa.

Kinachopotosha wengi ni kudhani kwamba kikapu cha chuo na cha NBA ni mchezo uleule unaochezwa kwa kasi tofauti. Sheria zenyewe zinapishana. Mwaka 2009 mstari wa pointi tatu wa vyuo ulikuwa mita 6.32 kutoka kwenye ringi. Wa NBA ni mita 7.24, na kwenye kona mita 6.70. (Vyuo vilisogeza wao hadi mita 6.75 mwaka 2019.) Timu ya chuo ilikuwa na sekunde 35 za kushambulia, sasa 30, NBA ni 24. Halafu kuna sheria ambayo watazamaji wengi hawaijui kabisa: tangu 2001, mlinzi wa NBA haruhusiwi kukaa ndani ya eneo lililopakwa rangi chini ya ringi zaidi ya sekunde tatu, isipokuwa awe anamlinda mtu kwa karibu. Chuoni hakuna katazo hilo. Mtu mrefu anaweza kusimama pale na kuwasubiri wanaokuja.

Hapo ndipo inapoingia habari ya Hasheem Thabeet, Mtanzania wa kwanza kufika NBA, kijana wa Dar es Salaam mwenye urefu wa mita 2.21. Memphis Grizzlies walimchagua wa 2 mwaka 2009, mbele ya James Harden aliyechukuliwa wa 3 na Curry wa 7. Namba zake za msimu wa mwisho pale Chuo Kikuu cha Connecticut zilikuwa nzito: pointi 13.6, ribaundi 10.8 na bloku 4.2 kwa mchezo. Alitajwa mlinzi bora wa ligi yake ya vyuo, Big East, mara mbili. Kwenye NBA alicheza michezo 224 na kuishia na wastani wa pointi 2.2 na ribaundi 2.7. Katika msimu wake wa kwanza tu alishushwa kwenda ligi ya maendeleo, na hakuna aliyekuwa amechaguliwa juu kiasi hicho kabla yake aliyewahi kushushwa.

Wapo wanaosema alianza kikapu akiwa amechelewa, akiwa na miaka kama 15. Sababu hiyo siikubali. Hakeem Olajuwon wa Lagos alianza umri huohuo, akachaguliwa wa kwanza mwaka 1984 na kuwa mmoja wa masenta wakubwa kupata kutokea. Joel Embiid wa Yaoundé naye alichelewa vilevile. Lakini Olajuwon kabla ya kikapu alikuwa amecheza mpira wa mikono na kudaka golini kwenye soka, kwa hiyo miguu yake ilikwisha kufundishwa kugeuka na mikono kushika mpira unaokuja kwa nguvu. Alichojifunza Marekani ni matumizi.

Kwa Thabeet, dalili zilionekana wazi Februari 2009, pale Pittsburgh walipokwenda Hartford kucheza na Connecticut. DeJuan Blair, aliyekuwa mfupi kwake kwa karibu sentimita 20, alimsukuma mchezo mzima kwa kiuno na mapaja, na katika kugombea mpira mmoja akamtupa chini kupitia begani. Blair alimaliza na pointi 22 na ribaundi 23. Thabeet pointi 5 na ribaundi 4. Kushindwa mara moja humpata kila mtu, na mimi nisingemhukumu kwa usiku mmoja. Kilichopaswa kuwashtua maskauti ni namna alivyoshindwa: mtu mwenye kitako kizito na mikono imara alimnyang'anya nafasi yake chini ya ringi, na NBA imejaa watu wa aina hiyo. Ongeza kwamba asisti zake chuoni hazikufika hata moja kwa mchezo. Senta asiyetoa pasi mara nyingi ni senta ambaye uwanja unamwendea haraka kuliko anavyoweza kuusoma. Na bloku zake, zile zilizompatia sifa, nyingi zilizaliwa katika kusimama mahali ambapo NBA ingemtaka ahame kila sekunde tatu, tena atoke hadi kwenye mstari kumfuata mpigaji.

Memphis nao walikuwa tayari na Marc Gasol katika nafasi hiyohiyo. Dakika za kujifunzia zilikuwa chache, na mchezaji mbichi bila dakika haivi. Mara nyingi tunasema kijana ameshindwa ilhali nusu ya jibu imo katika jina la timu iliyomchukua.

Blair mwenyewe alichaguliwa wa 37. Madaktari waligundua kwamba magoti yake hayakuwa na kano za ndani zinazoshikilia goti, timu zikaogopa. Akadumu misimu saba. Wakati huohuo Greg Oden, aliyechaguliwa wa kwanza mwaka 2007, alicheza michezo 105 tu kwa sababu ya magoti. Habari za kitabibu ndizo ambazo sisi tulio nje huzipata kidogo na mwisho, na ndiyo maana utabiri wowote wa gazetini, huu wangu ukiwemo, usomwe kwa tahadhari.

Vipimo vya mwili navyo vina mipaka yake. Kabla ya drafti hiyo ya 2007, Kevin Durant alishindwa kunyanyua kifuani chuma cha kilo 84 hata mara moja. Alikuwa na miaka 18, na kwenye msimu wake mmoja wa Texas alikuwa amefunga pointi 25.8 na kuokota ribaundi 11.1 kwa mchezo dhidi ya watu wazima. Umri huo ulikuwa habari kubwa kuliko chuma. Kijana wa miaka 18 anayewasumbua wa miaka 22 bado anakua. Fredette alitimiza miaka 22 katika msimu uleule wa pointi 28.9. Sisemi wakubwa hawafai. Draymond Green alimaliza miaka minne Michigan State, akachaguliwa wa 35 mwaka 2012 kwa sababu hakuna aliyejua amweke nafasi gani, na kutojulikana nafasi huko kukawa ndiyo thamani yake.

Kuhusu utupaji wa mbali, jihadhari na asilimia zinazotokana na mitupo michache. Derrick Williams wa Arizona msimu wa 2010–11 alitia mitupo 42 kati ya 74 ya pointi tatu, sawa na asilimia 56.8, akachaguliwa wa 2. Fanya hesabu: mtupaji wa kweli wa asilimia 40 akitupa mara 74 anaweza kuangukia popote kati ya asilimia 29 na 51 kwa bahati tu, na anayechagua mitupo ya wazi peke yake hujiongezea. Kwenye NBA Williams alikaa karibu na asilimia 30. Katika drafti hiyohiyo Kawhi Leonard wa San Diego State alishuka hadi nafasi ya 15 akiwa na asilimia 29 tu ya pointi tatu. Lakini mitupo yake huru ilikuwa karibu asilimia 76. Mtupo huru hauna mlinzi, umbali wake ni uleule chuoni na NBA, na mchezaji huutupa mara nyingi. Ndio unaoonyesha mkono halisi. San Antonio Spurs walimkabidhi kwa Chip Engelland, kocha wao wa utupaji, na msimu wa kwanza tu akatia asilimia 37.6 ya pointi tatu.

Sasa tumpime kijana aliyeko njiani. Khaman Maluach, wa Sudan Kusini, amelelewa Kampala, akashika mpira wa kikapu mara ya kwanza mwaka 2019 na kuvaa jezi ya taifa lake kwenye Olimpiki ya Paris akiwa na miaka 17. Baada ya msimu mmoja Chuo Kikuu cha Duke alichaguliwa wa 10 mwaka 2025, akaishia Phoenix Suns. Ni mrefu karibu sawa na Thabeet, na asisti zake chuoni zilikuwa nusu kwa mchezo, hilo halinifurahishi. Katika nusu fainali ya mashindano ya taifa ya vyuo dhidi ya Houston, Duke walipopoteza 70–67, hakupata ribaundi hata moja. Mtu mwenye kumbukumbu ya Hartford atashika kichwa.

Mimi naona tofauti mbili kubwa. Aliingia drafti akiwa na miaka 18, Thabeet alikuwa na 22. Na mitupo yake huru pale Duke ilikuwa asilimia 76.6, wakati Thabeet kwenye NBA hakufika 60. Mkono upo na muda upo. Ninachokisubiri ni pasi yake: amedaka mpira akiwa mbioni kuelekea ringi, mlinzi wa pili amemjia, mwenzake yuko peke yake kwenye kona. Siku asisti zake zitakapofika moja na nusu kwa mchezo nitasema atadumu miaka 10. Zikibaki nusu, nitamwona kuwa mzuiaji wa akiba anayeingizwa kwa dakika 15, na ligi hiyo ina wengi wa namna hiyo wanaolipwa vizuri tu.