Tope la vyoo: pima kabla ya kupakia

(Muziki unashuka.)

MTANGAZAJI: Majuzi trela lililobeba tope la vyoo kutoka vitanda vya kukaushia lilivunjika ekseli karibu na bomba. Siku mbili mama zetu walichota maji mbali. Kijana mmoja mpakiaji aliniambia, "Tuliona limekauka, tukadhani ni jepesi."

Tope linalokatika kwa sepetu kama udongo bado ni maji, mara nyingi robo tatu ya uzito wake au zaidi.

Sasa, chukua ndoo ya lita 20, ipime tupu. Ijaze tope bila kushindilia, maana ndani ya trela nako linaanguka hivyo hivyo, na hewa katikati. Pima tena. Tuseme tupu ni kilo 1, imejaa kilo 19. Tope ni kilo 18. Gawa kwa 20, unapata kilo 0.9 kwa lita, yaani kilo 900 kwa mita moja ya ujazo. Rudia sehemu tatu za kitanda, halikauki sawasawa. Shika jibu kubwa.

Trela la urefu wa mita 2.5, upana 2 na kina sentimita 60 likijaa, ni kilo 2,700! Kama mwisho wake ni tani 2, chora mstari ndani, sentimita 44 kutoka chini. Tope likifika hapo, basi. Mvua ikinyesha, pima upya.

Vaa glavu na buti. Ndoo ipakwe rangi nyekundu, isirudi jikoni. Na mizani ya kugawia unga, jamani, isiguswe.

(Muziki.)