Dwight Allen na Majina ya Kazi ya Mwalimu

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, mwanagenzi wa ualimu katika vyuo vingi vya Marekani alifunzwa nadharia kwanza, kisha akapelekwa shuleni, akasimamishwa mbele ya darasa zima. Msimamizi aliketi nyuma na daftari lake, na somo lilipokwisha alimwambia kwamba ameshindwa kulitawala darasa. Neno hilo huenda lilikuwa kweli, lakini lilimfaa kidogo, kwa maana kutawala darasa si tendo moja, bali ni matendo mengi yasiyokuwa na majina.

Dwight W. Allen, aliyezaliwa mwaka 1931, alikuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Stanford, California, wakati yeye na wenzake walipobuni, mwaka 1963, utaratibu ambao kwa Kiswahili waweza kuitwa ufundishaji mdogo. Mwanagenzi aliwafundisha watoto wanne au watano, kwa dakika tano hivi, akishughulikia stadi moja tu. Somo lilinaswa katika kanda ya picha na sauti. Kisha alijitazama pamoja na msimamizi, akalitengeneza upya somo lake, akalifundisha tena kwa watoto wengine.

Mashine ya kunasa picha iliwavutia wengi, lakini jambo zito zaidi lilikuwa orodha ya stadi. Allen na Kevin Ryan, katika kitabu chao cha mwaka 1969, walizitaja 14: kufungua somo, kulifunga, kuuliza swali la kuchimbua jibu la kwanza, kutoa mifano, na hata kunyamaza. Hii ya mwisho yastahili kuangaliwa. Mwalimu mgeni huogopa kimya. Aulizapo swali asijibiwe papo hapo, hujijibu mwenyewe. Akishajua kwamba kimya ni chombo cha kazi, kama ilivyo chaki, aweza kukitumia kwa makusudi, na msimamizi naye aweza kumwonyesha mahali hasa alipopaswa kunyamaza.

Wako waliopinga, wala hoja yao si ya kupuuzwa: watoto watano si arobaini na watano, na stadi zikijumlishwa hazifanyi mwalimu, kama vile msamiati peke yake usivyofanya lugha.

Mwaka 1968 Allen alikwenda Chuo Kikuu cha Massachusetts, Amherst, akawa mkuu wa shule ya elimu. Huko alizigeuza taratibu nyingi za zamani kwa haraka kubwa, pengine kubwa mno, akauacha ukuu huo mwaka 1975 katikati ya mabishano.

Utaratibu wa Stanford ulikuwa umekwisha kuenea, ukafika hata vyuo vya ualimu vya Afrika Mashariki. Lakini huku mara nyingi watoto huondolewa, wanachuo wakafundishana wenyewe kwa wenyewe. Upungufu huo si mdogo. Mwanachuo aliyeketi mahali pa mtoto amekwisha kulijua jibu, naye hujifanya mjinga kwa hisani tu. Na stadi ya kunyamaza haiwezi kupimwa mbele ya msikilizaji asiyehitaji muda wa kufikiri.