Msimu wa Samaki Kilombero Haufuati Kalenda

Mei 15, 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa miezi mitatu ili dagaa wapumue, na katikati ya Agosti wavuvi wakarudi ziwani. Tukipima dagaa wa Kigoma kwa kopo hapa Kibaoni, Ifakara, swali linakuja lenyewe: mbona Mto Kilombero nao usifungwe hivyo hivyo?

Dagaa wale ni wa ukoo wa heringi, samaki wa maji ya wazi wanaokwenda kwa makundi makubwa. Ziwa lao halihami, kwa hiyo tarehe inatosha. Kilombero ni habari nyingine. Masika yakikolea, mito ya Udzungwa na ya upande wa Mahenge hujaza bonde, mto ukavuka kingo na mbuga ikawa ziwa la muda. Kambale huyafuata maji mapya na kutaga kwenye majani yaliyofunikwa. Perege jike yeye hubeba mayai kinywani mpaka yaanguliwe; ukimvua wakati huo utaona koo limevimba, na akipaparika wavuni hutema uzazi wote.

Vifaranga hunenepa humo mbugani, kwenye wadudu na majani yanayooza. Ndiyo sababu mafuriko makubwa kwa kawaida huzaa mavuno mazuri baadaye. Mwaka 2024 Mto Lumemo uliingia mpaka mitaani Ifakara, na sitamwambia aliyepoteza nyumba kwamba ilikuwa neema, ila kwa samaki mara nyingi huwa hivyo.

Kuanzia Juni hivi maji hurudi mtoni kupitia vijito vyembamba, na samaki nao. Hapo ndipo msimu unapofunguka, bila tangazo la mtu. Migono hutegwa, nyavu hutandazwa, makambi huota kando ya mto na moshi wa kubanika samaki hauzimiki. Kambale wengi hubaki kwenye madimbwi, maana kambale huvuta hewa: mpasue kichwa, juu ya matamvua utakuta kiungo chekundu chenye matawi kama tumbawe. Hicho humweka hai kwenye tope ambamo perege angekufa mapema.

Sasa tuseme tunanakili tarehe za Kigoma. Mei hadi Agosti tungewanusuru baadhi ya vifaranga wanaorudi mtoni, lakini wazazi wanaopanda kutaga maji yanapoanza kufurika, miezi kadhaa kabla, wangekuta nyavu zinawangoja. Na mwaka mvua ikichelewa, hesabu yote imeharibika.

Mimi ningefunga kwa kina cha maji. Kituo cha Swero kilirekodi mto huu miaka mingi, kwa hiyo kupima si jambo geni. Maji yakivuka alama fulani, midomo ya vijito iachwe wazi. Yakishuka chini ya alama ya pili, uvuvi uendelee, uwe Juni au Agosti. Uzio wa chandarua unaoziba kijito kizima usiruhusiwe wakati wowote, kwa kuwa unakomba hata vifaranga wa ukubwa wa kidole. Alama hizo zichaguliwe pamoja na wazee wa Kindamba waliokulia kwenye mitumbwi, kisha BMU, yaani vikundi vya wavuvi vya kusimamia uvuvi, zipewe boti na mafuta ya kufanyia doria, jambo ambalo kwenye mipango ya aina hii husahaulika kwanza.