Jinsi Kura Zinavyopigwa Juu ya Matumizi ya Fedha za Serikali

Kila mwaka, ifikapo mwezi wa Juni, redio na magazeti ya Kenya hujaa habari za makadirio ya fedha za Serikali. Huko Kibugu, mahali pa kahawa na majani ya chai katika Embu, kama ilivyo mahali pengine pengi, watu husikia kwamba mabilioni ya shilingi yamepitishwa Bungeni. Kisha huitazama barabara yao na zahanati yao, na kuuliza ni nani aliyeamua, na kwa nini fungu hili liliongezwa na lile likapunguzwa. Swali hilo ni la haki, kwa maana fedha hizo zatoka kwa wananchi wenyewe. Jibu lake limo katika namna kura zinavyopigwa juu ya marekebisho.

SHERIA TATU ZA FEDHA

Kwanza yafaa zitofautishwe sheria tatu ambazo mara nyingi huchanganywa. Mswada wa Fedha husema kodi zitakusanywa namna gani. Mswada wa Ugavi wa Mapato hugawa mapato kati ya Serikali ya Taifa na kaunti zote 47. Mswada wa Matumizi ya Fedha husema kila idara itatumia kiasi gani, na kwa kazi gani. Ni kama katika nyumba ya mkulima: shauri moja ni namna fedha zitakavyopatikana, la pili ni nani katika jamaa atapewa kiasi gani, la tatu ni kila mmoja atatumia sehemu yake kwa kazi zipi.

Katiba ya mwaka 2010 haikubali fedha zitolewe katika Mfuko Mkuu wa Serikali bila idhini ya sheria. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai na kwisha tarehe 30 Juni. Waziri wa Fedha hutakiwa kupeleka makadirio yake katika Bunge la Taifa angalau miezi miwili kabla ya mwaka kwisha, yaani kufikia mwisho wa Aprili. Hapo kamati ya Bunge inayoshughulikia bajeti huyachunguza, na Katiba yaiamuru kamati hiyo isikilize maoni ya wananchi kabla ya kutoa shauri lake.

NAMNA KURA INAVYOPIGWA

Wajumbe hawapigi kura moja tu juu ya mambo yote kwa pamoja. Kura hupigwa sehemu kwa sehemu, na marekebisho hutangulia.

Mswada ukiisha kujadiliwa kwa jumla na kukubaliwa usomwe mara ya pili, Bunge hugeuka kuwa Kamati ya Bunge Zima. Spika huondoka kitini pake, na mwenyekiti wa kamati hushika nafasi. Wajumbe ni wale wale, lakini kazi imebadilika. Haijadiliwi tena kama mswada ni mwema au mbaya. Hutazamwa kila kifungu na kila tarakimu.

Mjumbe aliyetoa taarifa ya marekebisho husimama, akaeleza ni maneno gani au kiasi gani anachotaka kiondolewe, na ni kipi kiwekwe mahali pake. Baada ya majadiliano mwenyekiti huuliza kwanza kama maneno ya zamani yaondolewe. Yakiondolewa, huuliza kama maneno mapya yaingizwe. Mwisho huuliza kama kifungu hicho, kama kilivyorekebishwa, kiwe sehemu ya mswada. Kwa hiyo jambo moja dogo laweza kuulizwa mara tatu, na mjumbe asiyekuwa macho aweza kusema “Ndiyo” pale alipokusudia kusema “La.”

Kwa kawaida kura hupigwa kwa sauti. Wanaokubali husema “Ndiyo,” wanaokataa husema “La,” na mwenyekiti hutangaza upande aliousikia kuwa na nguvu zaidi. Kura ya namna hii haionyeshi jina la mtu. Lakini wajumbe wa kutosha wakisimama kudai hesabu, kengele hulia, wajumbe huitwa waingie, milango hufungwa, na kila mmoja huhesabiwa kwa jina lake. Hesabu hiyo huandikwa katika kumbukumbu za Bunge ziitwazo Hansard, ambazo mtu yeyote ana ruhusa ya kuzisoma.

Bunge la Taifa lina wajumbe 349, bila ya kumhesabu Spika. Kaunti ya Embu huchagua watano: wanne wa maeneo ya Manyatta, Runyenjes, Mbeere Kaskazini na Mbeere Kusini, na mwanamke mmoja wa kaunti nzima. Wajumbe wasipofika 50 kikao hakina akidi. Shauri huamuliwa na wengi miongoni mwa waliopo na kupiga kura. Kura zikilingana, pendekezo limeanguka, na Spika hana kura ya kuliokoa.

DESTURI MBILI

Katika nchi ya Meru, wazee wa Njuri Ncheke, na katika Embu wazee wa kiama, walizoea kusemezana mpaka shauri likapatikana ambalo wote wangeweza kulishika. Desturi ya kuhesabu vichwa ililetwa na Baraza la Kutunga Sheria, lililoanza mwaka 1907 kwa mfano wa Uingereza. Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, aliteuliwa kuingia humo mwaka 1944. Katika uchaguzi wa Machi 1957, ambapo Waafrika walichagua wajumbe wao kwa mara ya kwanza, Bernard Mate wa Meru alikishinda kiti cha Jimbo la Kati, na Mathu akashindwa. Waafrika waliochaguliwa mwaka huo walikuwa wanane tu. Waliweza kusema juu ya fedha, na maneno yao yakaandikwa. Lakini watu wanane hawakuweza kubadili tarakimu hata moja kwa kura zao peke yao.

SHILINGI HAIZALIWI BUNGENI

Wengi hudhani kwamba mjumbe aweza kusimama na kuongeza fedha za mahali pake kama apendavyo. Sivyo. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 yasema kwamba fedha zikiongezwa katika fungu moja, lazima kiasi hicho hicho kipunguzwe katika fungu jingine. Na fedha zikipunguzwa bila kupelekwa penginepo, lazima zitumiwe kupunguza upungufu wa Serikali, ili mkopo uwe mdogo zaidi. Kanuni hiyo huzifunga pia bunge za kaunti. Juu ya hayo, kanuni za mwaka 2015 zasema kwamba bunge la kaunti likibadili makadirio, fungu lolote lisiongezwe wala lisipunguzwe kupita asilimia moja ya kiwango chake.

Mfano utaonyesha maana ya maneno haya. Zahanati ni kazi ya kaunti. Tuseme kwamba watu wa Kibugu wanataka chumba cha kuzalia akina mama katika zahanati, na gharama yake ni shilingi milioni 6. Tuseme tena kwamba fungu la afya katika makadirio ya kaunti ni milioni 1,000. Asilimia moja ya fungu hilo ni milioni 10. Basi nafasi ya kuongeza milioni 6 ipo. Lakini zitoke wapi? Mwakilishi wa wadi apendekeza zitoke katika fungu la utawala, ambalo tuseme ni milioni 400. Asilimia moja yake ni milioni 4, hapawezi kutolewa zaidi. Zimebaki milioni 2. Huenda zikapatikana katika fungu la biashara, ambalo tuseme ni milioni 300, kwa maana asilimia moja yake ni milioni 3.

Hesabu imekubali, lakini kura bado. Wawakilishi waliochaguliwa katika wadi za Embu ni 20, na wako wengine walioteuliwa. Yule ambaye soko la wadi yake lingejengwa kwa fedha za fungu la biashara atauliza kwa nini soko lake lipungukiwe kwa ajili ya chumba cha Kibugu. Mwenye pendekezo hana budi kumjibu, na kuwapata wenzake wa kutosha kabla ya siku ya kura. Ndiyo maana marekebisho yaliyofikiriwa mapema, yenye hesabu kamili, hupata kura kuliko hotuba ndefu isiyosema fedha zitatoka wapi.

KURA MOJA YA EMBU KATIKA SENETI

Fedha zinazofika Embu hutegemea kwanza ugavi wa mapato, na hapo Seneti ina sauti. Katika mambo ya kaunti, maseneta hawapigi kura kila mtu kwa nafsi yake. Kila kaunti ina kura moja, ambayo hupigwa na kiongozi wa ujumbe wake baada ya kushauriana na wenzake. Embu ina kura moja, na Nairobi, yenye watu wengi mara nyingi zaidi, ina moja vile vile. Shauri halipiti bila kuungwa mkono na kaunti 24 kati ya 47.

Bunge la Taifa na Seneti zikikosa kukubaliana, huteuliwa kamati ya upatanisho yenye wajumbe sawasawa kutoka kila upande. Kamati hiyo ikipata maneno ya kukubaliana, kila bunge huyapigia kura ya kuyakubali au kuyakataa tu, pasipo kuyarekebisha tena. Isipopata katika muda wa siku 30, mswada umekufa.

Jambo hilo lilitokea mwaka 2019. Bunge la Taifa lilitaka kaunti zipewe shilingi bilioni 310, na Seneti ikataka bilioni 335. Upatanisho ulishindwa. Mwaka mpya wa fedha ulianza Julai bila sheria ya ugavi, na magavana wakapeleka shauri lao katika Mahakama ya Juu. Mwezi wa Septemba ndipo ilipopatikana sheria ya bilioni 316.5. Katika miezi hiyo zahanati za kaunti zilihitaji dawa, na watumishi walihitaji mishahara kama kawaida. Mwaka 2025 mambo yalikuwa afadhali: Bunge la Taifa lilisema bilioni 405.1, Seneti ikasema bilioni 465, na wapatanishi wakakubaliana juu ya bilioni 415.

YALIYOTOKEA MWAKA 2024

Mwaka 2024 ulionyesha jinsi sheria hizo tatu zinavyofungamana. Tarehe 25 Juni wajumbe 195 waliunga mkono Mswada wa Fedha wenye kodi mpya, na 106 wakaupinga. Siku hiyo vijana waliandamana Nairobi na katika miji mingine, wakaingia katika majengo ya Bunge, na watu waliuawa. Siku iliyofuata Rais William Ruto alikataa kuutia sahihi. Kodi zilizotazamiwa zikakosekana, na matumizi yakabidi kupunguzwa. Kaunti zilikuwa zimekwisha wekewa bilioni 400.1, Serikali ikaleta mswada wa kupunguza hadi bilioni 380, Seneti ikakataa, na mwezi wa Desemba sheria ya bilioni 387.4 ikatiwa sahihi. Hivyo kura iliyopigwa juu ya kodi katika Juni ilikuja kuyagusa matumizi ya kila kaunti kabla ya mwaka kwisha.

Rais akiurudisha mswada pamoja na sababu zake, Bunge laweza kuurekebisha kama atakavyo. Kama likitaka kuupitisha bila kuyafuata maneno yake, lahitaji theluthi mbili za wajumbe wote. Katika kaunti pia, gavana akiurudisha mswada, bunge la kaunti lahitaji theluthi mbili ili kumshinda.

WAKATI WA MWANANCHI KUSEMA

Kutokana na hayo yaonekana kwamba Juni si mwezi wa kuanza kuomba. Makadirio ya kaunti, kama yale ya Serikali ya Taifa, hupelekwa bungeni kufikia tarehe 30 Aprili. Kati ya hapo na mwisho wa Juni kamati husikiliza wananchi, wajumbe huandaa marekebisho, na kura hupigwa. Baada ya tarehe 30 Juni, fungu lisilotiwa ndani ya sheria halina fedha, hata kama lilikuwa na ahadi. Wahenga walisema, majuto ni mjukuu, mwisho huja kinyume.

Watu wanaokwenda mbele ya kamati wafanye vyema kuandika mambo matatu katika karatasi: kazi wanayoitaka, gharama yake, na fungu ambalo wanadhani laweza kupunguzwa ili kuilipia. Na kura ikiisha kupigwa, wana haki ya kumwuliza mjumbe wao, si aliyoyasema katika mkutano wa hadhara, bali jinsi alivyopiga kura katika kila marekebisho yaliyogusa fedha za mahali pao. Kama kura ilihesabiwa, jibu limeandikwa katika Hansard. Kama ilipigwa kwa sauti tu, yafaa aulizwe kwa nini yeye na wenzake hawakusimama kudai hesabu.