Springi zimeongezwa, breki je?

Atakayesimama karibu na daraja la mto Tana, akayatazama magari yaingiayo Garissa kutoka upande wa Madogo, ataona jambo lisilohitaji ufundi kulitambua. Pikapu nyingi zimeinuliwa nyuma. Zikiwa tupu, huenda zimeinama mbele na kunyanyuka nyuma mithili ya panzi aliye tayari kuruka. Mwenye gari ameongeza mabamba ya chuma katika springi zilizotoka kiwandani, akabadilisha na shokomzoba, na sasa hujisifu kwamba gari lake limekuwa la kazi.

Simlaumu. Anayetoka Garissa kwenda Modogashe, Wajir hadi Mandera anajua kwamba mchanga na mashimo ya kaskazini hayana huruma kwa springi za kawaida. Mchukuzi wa miraa atokaye Maua ana shida nyingine juu ya hiyo: bidhaa yake hupoteza ladha na thamani baada ya siku mbili hivi, kwa hiyo mwendo wa kasi kwake si anasa bali ni riziki. Amefanya barabara ya umma kuwa uwanja wa mashindano, na gari lake ameliandaa kwa ajili hiyo nyuma ya nyumba, chini ya mwarobaini, kwa jeki na spana.

Mapokeo hayo nchini Kenya ni ya heshima. Mwaka 1965 Joginder Singh, aliyekuwa makanika kabla ya kuwa dereva mashuhuri, alishinda mbio za Safari pamoja na nduguye Jaswant, kwa gari aina ya Volvo PV544 lililokwisha kutumiwa na wengine. Alishinda tena mwaka 1974 na 1976. Mbio hizo zilizoanza mwaka 1953 ziliendeshwa katika barabara zilizo wazi kwa umma hadi mwaka 2002, ng'ombe na punda wakivuka wapendavyo. Na katika mwaka 1963, sawa na 1968, ni magari saba tu yaliyofika mwisho. Vijana wetu wameyarithi mambo hayo, lakini naona wameirithi nusu moja tu, ile ya kulifanya gari listahimili mashimo. Nusu ya pili ni kulisimamisha.

Hesabu yake ni fupi. Gari likizidishiwa uzito mara mbili, breki zitakuwa na kazi mara mbili. Likizidishiwa kasi mara mbili, kutoka kilomita 60 kwa saa hadi 120, kazi hiyo huwa mara nne. Yote hiyo hugeuka joto ndani ya diski na madramu. Springi mpya humruhusu mtu kupakia zaidi na kukimbia zaidi, ilhali diski zimebaki zile zile, na mafuta ya breki pengine hayajabadilishwa tangu gari linunuliwe. Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huchemka katika nyuzi 205 au zaidi. Yakishaingiwa na maji, kiwango kinachokubalika ni nyuzi 140 tu. Yakichemka hutoa mvuke, mvuke hubonyea, na pedali huzama mpaka sakafuni. Dereva anayeteremka kutoka milima ya Nyambene na shehena yake hana haja ya kuelezwa maana ya jambo hilo.

Hata hivyo, kilichonifanya niandike leo ni kifaa kidogo kuliko ngumi. Pikapu nyingi, Toyota Hilux zikiwamo, zimewekewa chini ya chasisi vali iliyounganishwa na ekseli ya nyuma kwa ufito. Gari likipakiwa, springi hulala, ufito husogea, na vali hufungua njia ili breki za nyuma zipate nguvu zaidi. Gari likiwa tupu, vali hubana njia hiyo ili magurudumu ya nyuma yasikwame na gari likazunguka. Kwa maneno yetu sisi wanaisimu, vali husoma ishara: springi iliyolala maana yake ni mzigo. Ukiongeza mabamba umeivunja ishara hiyo. Gari lina tani moja mgongoni, springi haikulala, na vali inasadiki kuwa halina kitu. Breki za nyuma hupata nguvu kidogo wakati zinapohitajika zaidi.

Nilimwuliza jirani yangu, fundi hodari ambaye mikono yake naiamini, kuhusu vali ya gari alilokuwa akiliinua. Alikuwa amekwisha kuifunga kwa waya. "Mwalimu," akaniambia, "hiyo ni kitu ya kiwanda tu, haina kazi." Nikamwuliza inaitwaje. Akacheka. Haina jina.

Hapo ndipo taaluma yangu ilipozinduka. Lugha ya gereji hapa Garissa ni tajiri ajabu. Msomali husema gaari, nasi husema gari, na asili yake ni Bara Hindi. Bireeg yake na breki yetu zote zilitoka kwa Mwingereza. Springi, bushi, shokomzoba (neno ambalo kinywa chetu kimelifinyanga hata limesahau kwao): kila kinachobeba mzigo kina jina. Kifaa kinachoupima mzigo hakina, na maelezo yake yamo katika vitabu vya Kiingereza ambavyo havijafika chini ya mwarobaini. Kisicho na jina hakiulizwi dukani, wala mwanafunzi wa ufundi hafundishwi kukirekebisha. Mimi napendekeza kiitwe vali ya mzigo. Mwenye neno bora na alilete.

Na anayeliinua gari lake nyumbani aifungue waya hiyo. Kuiacha vali wazi daima si dawa, kwani siku ya kurudi bila mzigo nyuma itateleza. Inafaa ufito urekebishwe kulingana na kimo kipya, kwa kufuata vipimo vya gari lenyewe, na kazi hiyo akabidhiwe anayeijua. Mipira ya breki nayo itazamwe gurudumu likiwa linaning'inia, maana gari lililoinuliwa huivuta, na mpira ulionyooka kama kamba ya hema ni mfupi mno. Mafuta yabadilishwe yote na hewa itolewe. Kisha gari lijaribiwe kwa mwendo mdogo mahali pasipo watu, kwanza tupu, halafu na mzigo, kabla halijapelekwa Modogashe usiku, ngamia wakiwa barabarani.