Mabati yalileta heshima, dari italeta joto

KWA wakazi wa Kinigi, Mukamira na Kitabi, msimu wa kiangazi hauhitaji kalenda. Kuanzia Juni hadi Agosti mvua hukatika, mawingu hutoweka, na usiku huingia baridi ambayo mgeni kutoka Kigali huwa haitarajii katika nchi iliyo karibu na ikweta. Maeneo hayo yako zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kila mita 1,000 anazopanda mtu humpunguzia nyuzi joto 6 hivi. Si ajabu kipimajoto kusoma nyuzi 10 au chini yake kabla ya mapambazuko.

Familia nyingi hukabili baridi hiyo kwa dawa moja: kuingiza jiko la makaa, ile imbabura, chumbani na kufunga mlango. Chumba hupata joto upesi, watoto hulala. Lakini wapo waliolala hivyo na hawakuamka.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba dawa hiyo haihitajiki. Nyumba zetu za milimani hazina upungufu wa moto, bali joto lililomo ndani hutoroka lote kabla ya usiku wa manane.

Kilichoondoka na nyakatsi

Mwaka 2010 na 2011 Serikali iliendesha kwa nguvu mpango wa kutokomeza nyakatsi, yaani nyumba za kuezekwa kwa nyasi. Hakuna mwenye akili timamu anayetaka nyumba zile zirudi. Zilivuja, zilishika moto kwa cheche moja, zilifuga wadudu, na aliyeishi humo alionekana mnyonge mbele ya wenzake. Bati lilileta usafi, maji ya mvua ya kukinga na heshima.

Hata hivyo, kuna kitu kimoja kilichoondoka pamoja na nyasi bila kupigiwa hesabu. Sisi tuliosomea uhamishoni Karagwe, Tanzania, tuliwasikia wenyeji wakisifia msonge, nyumba ya jadi iliyoezekwa nyasi kutoka kileleni karibu na ardhi. Sifa yake ya kwanza ilikuwa joto la usiku, na sifa hiyo ina maelezo ya kisayansi.

Kinachozuia joto si nyasi zenyewe, bali hewa iliyotulia katikati yake. Ndiyo siri ya blanketi, ya sweta na ya manyoya ya kuku. Bati ni kinyume chake. Unene wake haufiki nusu milimita, na chuma hupitisha joto mamia ya mara kuliko nyasi kavu. Kwa kuwa hewa yenye joto hupanda juu, joto la familia hukutana na bati, na bati huliachia nje.

Usiku usio na mawingu mambo huwa mabaya zaidi. Bati hutupa joto lake angani hadi likawa baridi kuliko hewa inayolizunguka. Mvuke wa pumzi za waliolala hugusa bati hilo, hugeuka maji na kudondoka vitandani alfajiri. Wengi hudhani paa linavuja, wakatafuta lami ya kuziba matundu yasiyokuwepo.

Msomaji anayetaka kuhakikisha afanye jaribio ambalo hata mwanafunzi wa shule ya msingi analiweza. Chukua makopo mawili yanayofanana, yajaze maji ya moto kiasi kilekile, uyafunike. Moja lizungushie nyasi kavu pande zote na juu, jingine liache wazi. Baada ya nusu saa gusa yote mawili. Mkono utakupa jibu bila kipimajoto.

Somo kutoka kwenye theluji

Nchi za baridi kali nazo zilipata kuishi kwa kuongeza moto tu. Mafuta yalipopanda bei ghafla mwaka 1973, zikalazimika kujiuliza joto linakwenda wapi. Mwaka 1977, mjini Regina katika jimbo la Saskatchewan, Kanada, ambako majira ya baridi kipimajoto hushuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri, ilijengwa nyumba ya majaribio isiyo na tanuri la kawaida la kupashia joto. Kuta zake zilijazwa kizuizi cha joto chenye unene wa sentimita 30 hivi, paa likapewa zaidi ya hapo, na mianya ikazibwa. Mwaka 1991 familia ziliingia katika nyumba za mfano huo mjini Darmstadt, Ujerumani, zilizotumia takriban sehemu moja ya kumi tu ya joto la nyumba za kawaida za huko.

Nyumba hizo zilipata wapi joto? Sehemu kubwa lilitoka kwenye jua la dirishani, kwenye mapishi, na kwenye miili ya wakazi. Mtu mzima aliyelala hutoa joto linalokaribia lile la balbu ya zamani ya wati 75. Baba, mama na watoto watatu wakilala katika nyumba moja, tayari humo kuna jiko dogo linalowaka usiku kucha, lisilo na moshi wala gharama. Kama jiko hilo linatosha kupunguza makali ya baridi ya Kanada, basi kwa nyuzi 10 za Mukamira linaweza kufanya mengi, mradi tusiliachie joto lake liondoke.

Kazi ya mikono yetu

Jambo la kwanza ni dari, na si lazima iwe ya mbao za dukani. Mikeka ya mafunjo au mianzi iliyopasuliwa, ikifungwa vizuri chini ya kenchi, hutenga chumba na bati na kuacha hewa iliyotulia katikati. Anayeweza kuongeza tabaka juu ya dari atapata faida kubwa zaidi. Nyasi kavu au maranda yaliyochovywa katika tope jepesi la mfinyanzi, yakakaushwa juani kabisa na kutandazwa unene wa upana wa kiganja, huzuia joto vizuri. Udongo ule huzipunguzia nyasi hatari ya kushika moto. Hata hivyo, zisigusane na nyaya za umeme, na fundi ahakikishe kwanza kuwa miti inahimili uzito.

Pili ni mianya. Tazama mahali ukuta unapokutana na paa: migongo ya bati huacha matundu mengi ambayo upepo wa usiku hupita kama unavyopita kwenye wavu. Zibeni kwa udongo uliochanganywa na nyasi. Chini ya mlango wekeni mfuko mwembamba uliojazwa mchanga au vitambaa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Huku milimani, asiyeziba ufa atanunua makaa.

Hata hivyo msizibe kila kitu. Acheni tundu dogo la hewa lenye kifuniko, na mchana fungueni madirisha ili unyevu utoke na jua liingie. Nyumba isiyopitisha hewa kabisa huotesha ukungu ukutani na kurahisisha kuenea kwa magonjwa ya kifua.

Tatu ni mahali pa kulala. Kitanda kisogezwe mbali na ukuta wa nje, na chini ya godoro patandikwe mkeka, kwa maana baridi ya sakafu hupanda. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa barabara na kuviringishwa kitambaa hupasha matandiko kabla ya kulala. Iondolewe kabla mtoto mchanga hajawekwa hapo isije ikamuunguza.

Imbabura ibaki nje

Hapa ndipo penye suala la uhai. Makaa yanapowaka hutoa hewa ya monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo hujishikiza kwenye damu kwa nguvu inayozidi mara 200 ile ya oksijeni, hivyo mwili hukosa hewa hata mtu akiendelea kupumua. Makaa yaliyokwisha kuwa mekundu, yasiyotoa moshi, bado huitoa. Yaliyofunikwa majivu pia. Dirisha lililoachwa wazi kidogo si kinga.

Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea. Wote waliomo chumbani wakianza kuumwa kichwa kwa pamoja, msiseme ni mafua. Tokeni nje mara moja, mkimbebe asiyeweza kutembea, na mwende kituo cha afya. Aliye usingizini haoni dalili yoyote, ndiyo maana mwenye kuota moto aote jioni nje au katika jiko la kando, kisha aingie kulala bila imbabura.

Kwa sababu hiyo utaratibu usigeuzwe. Kwanza jiko litoke, ndipo mianya izibwe. Anayeziba nyumba huku jiko la makaa likiwa ndani anajichimbia kaburi kwa mikono yake.

Viongozi wa vijiji hawana haja ya kusubiri mfadhili. Mafunjo yapo mabondeni, mianzi ipo, na mafundi wa kusuka mikeka tunao. Umuganda wa mwezi Mei, kabla ya kiangazi kuingia, unaweza kutumika kuwafungia dari wazee wanaoishi peke yao na kina mama wenye watoto wachanga. Tulipong'oa nyasi kwa pamoja tulimaliza kazi kwa muda mfupi. Kurudisha joto lililokuwa chini ya nyasi zile ni kazi nyepesi kuliko ile.